Kupe Mlangoni mwa Teksi

Kila Jumamosi asubuhi Adero alibeba sufuria zote za nyumbani kwao hadi kwenye bomba la maji la mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru. Alichutama pembeni mwa foleni, akamwaga majivu juu ya masizi, akashika gunzi la mahindi na kuanza kusugua. Alisugua mpaka mabega yakamuuma. Wanawake waliokuwa wakingoja maji walipenda kumchokoza. "Adero, pole pole, utatoboa sufuria ya mama yako," walimwambia. Lakini walipofika majumbani mwao waliwafokea binti zao na kuwauliza kwa nini sufuria zao hazing'ari kama za kina Adero. Adero alizijua sifa hizo zote, na sina haja ya kuficha kwamba zilimpendeza sana.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Baba yake alifanya kazi kwenye garimoshi la Kisumu, kwa hiyo siku nyingi nyumbani walibaki watu watatu. Kulikuwa na Adero mwenyewe, mama yake Achola, na mdogo wake Omolo, mtoto mchanga ambaye kazi yake ilikuwa kunyonya, kulala na kulia. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, na mbele yake kulikuwa na uwanja mdogo wa udongo ambao watoto wa majirani waliuona kuwa wao.

Ijumaa moja jioni, katika likizo ya Agosti, watoto hao walifukuzwa uwanjani na honi. Gari dogo jeusi liliingia taratibu, na ndani yake aliketi Mjomba Joash, mdogo wake Achola, amevaa tai. Kwa miaka mingi Joash alikuwa dereva wa duka moja la mjini, akiendesha gari la tajiri. Sasa alikuwa ameacha kazi hiyo na kununua gari lake mwenyewe, ili awe mwenye teksi. Achola alitoka kibarazani na mtoto mkononi, akalizunguka gari mara mbili bila kusema neno.

"Dada, mbona unanyamaza?" Joash akauliza.

"Nasoma," Achola akajibu. "Gari yako ina maneno mengi."

Ilikuwa kweli. Aliyekuwa na gari hilo zamani alikuwa muuza mbegu na dawa za mifugo, akizunguka mashamba ya Njoro na Molo hadi Ndabibi, na kila mahali alikokwenda alibandika kitu juu ya gari. Nyuma kwenye buti kulikuwa na picha ya hindi. Ubavuni kulikuwa na ng'ombe wa rangi ya kijani, aliyebandikwa wakati wa maonyesho ya kilimo. Na kwenye mlango wa abiria, kubwa kuliko sahani, kulikuwa na picha ya kupe aliyenona, miguu juu, ameuawa na dawa.

"Teksi yenye kupe mlangoni," Achola akasema. "Nani atapanda? Mimi hata ukinipa bure nitatembea." Adero alicheka mpaka akashika tumbo, lakini alipomtazama mjomba wake aliona kwamba yeye hacheki.

Joash aliwaeleza shida yake walipokuwa wakinywa chai. Pale stesheni ya reli ilikuwa imebaki nafasi moja tu ya teksi. Siku ile alikuwa amekwenda kwa mkaguzi wa magari wa manispaa, na mkaguzi alikuwa amelikataa gari kwa ajili ya vile vibandiko. Alimwambia avitoe vyote, na rangi iliyo chini isiwe na jeraha, kisha arudi Jumatatu asubuhi. Asipofaulu siku hiyo, nafasi ingepewa mtu mwingine aliyekuwa akiingoja.

"Na wewe utafanya nini?" Achola akamuuliza.

"Nitarudi kwa tajiri kumpigia magoti," Joash akasema. "Na nilivyoondoka pale nikiaga kila mtu kwa majigambo, sijui kama magoti yatatosha."

Kesho yake Joash aliamkia mjini kutafuta taa ya nyuma, kwa sababu ya zamani ilikuwa imepasuka. Alimwachia Adero ndoo, sabuni na kitambaa. "Mpwa wangu, nioshee gari," alisema. "Maji na sabuni tu. Hizo lebo ziache, nitakuja kuzitoa mwenyewe." Adero aliitikia vizuri, kama mtu aliyesikia.

Aliosha paa, akaosha vioo, akaosha magurudumu. Kisha akafika nyuma kwenye ile picha ya hindi, ambayo ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Alijaribu kuisugua kwa kitambaa, haikutikisika. Akafikiri jinsi mjomba wake atakavyofurahi akirudi na kukuta moja imekwisha kutoka. Kitu kilichomshinda Adero kwa kusugua alikuwa hajakiona bado. Basi akaenda jikoni, akarudi na majivu na gunzi lake.

Hindi lilitoka. Lilitoka vipande vipande, na Adero akaongeza nguvu, akiimba. Alipomwaga maji kuona kazi yake, wimbo ulikatika. Mahali palipokuwa na karatasi, na pembeni yake pia, weusi wa gari ulikuwa umekufa. Gari zima liling'aa, lakini hapo palifanana na ubao wa darasani uliofutwa vibaya. Alipangusa, akapuliza, akapangusa tena. Maji yalipokauka palizidi kuwa pa kijivu, pana kama kiganja cha mtu mzima.

Alifikiria kukimbilia kwa jirani, kisha akafikiria kusema ni watoto wa uwanjani. Lakini kabla hajachagua la kufanya, Joash alitokea na taa yake mpya imefungwa kwenye gazeti, akamkuta mpwa wake amesimama ameupa mgongo mkia wa gari.

"Unalinda nini hapo nyuma?" akauliza.

Adero akasogea. "Mjomba, nimeharibu," alisema. "Nilitaka kukusaidia. Nilisugua kwa majivu."

Joash alichutama, akapapasa mahali pale kwa kidole. Adero alingoja kelele, na kelele hazikuja, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mjomba wake aliketi juu ya debe lililokuwa karibu, akaiweka taa chini. "Nilikuambia maji na sabuni," alisema mwishowe. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, Mjomba."

"Basi."

Joash aliinuka, akatoa kisu kidogo mfukoni na kwenda kwa kupe. Aliingiza ncha pembeni mwa karatasi na kuinua. Karatasi ilipasuka juu juu, ikaacha utando mweupe wa gundi, na pale pembeni chembe ya rangi nyeusi iliruka na kuanguka mchangani. Joash alirudisha kisu mfukoni upesi, kana kwamba kimemchoma. Sasa walikuwa wawili walioharibu, mkubwa na mdogo, na wala hakuna aliyejua njia nyingine. Kupe alibaki pale pale, miguu juu.

Wakati huo Achola alimwita binti yake amsaidie kumwogesha mtoto. Omolo alikuwa na ukoko kichwani, ule wa manjano unaowapata watoto wachanga, umeshika utosi wote kama uji uliokauka. Achola aliketi kibarazani akamlaza mtoto mapajani, akaloweka kitambaa katika maji ya vuguvugu na kukilaza juu ya kichwa. Kisha akachota samli kwenye kikombe na kuipaka polepole. Adero aliona kipande cha ukoko kimeinuka pembeni. Vidole vyake, ambavyo havikujifunza kitu asubuhi ile, vilikwenda kukikwangua.

Achola akavipiga. "Wacha. Ukikwangua utatoa na ngozi yake."

"Lakini umeinuka, Mama."

"Umeinuka hapo, huku umeshika. Uache unywe mafuta kwanza. Ukishiba utatoka wenyewe, wewe utafuta tu kwa kitambaa."

Adero alimtazama mdogo wake. Halafu alitazama uwanjani, kwenye mlango wa gari, akatazama tena kichwa cha mtoto. "Mama," alisema taratibu, "na karatasi nayo inaweza kunywa mafuta?"

Achola hakuelewa. Adero alimweleza yote, pamoja na habari ya majivu, na hapo alipata maneno yake kwa mama, maana Achola hakuwa mtu wa kunyamaza kama Joash. Alipokwisha kusema alikitazama kikombe cha samli kwa huzuni. "Samli ya mtoto wangu ipakwe gari," alinung'unika. "Joash, njoo usikie mpwa wako anasema nini."

Joash alisikiliza, akakuna shingo. "Na kama samli itakula rangi?" aliuliza.

"Mtoto nilimjaribia kwanza nyuma ya sikio," Achola akamjibu. "Siku nzima nilingoja nione kama atatoka vipele. Gari haina sikio?"

Gari lilikuwa na sikio. Walifungua mlango na kupaka samli kidogo ndani ya ukingo, mahali ambapo mtu hawezi kuona mlango ukifungwa. Wakangoja. Joash aliona kungoja kunachukua mwaka, akatembea kwenda na kurudi, akaja kuchungulia, akafukuzwa na dada yake. Walipofuta, weusi ulikuwa uleule, na uling'aa hata kidogo kuliko mwanzo.

Kuanzia hapo Achola ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi, akitoa amri kutoka kibarazani huku akinyonyesha. Walilaza vitambaa vya maji ya vuguvugu juu ya kupe, wakavibadilisha kila vilipopoa. Karatasi ilivimba, ikalegea, na Adero akaivuta kwa ncha za vidole. Ilitoka laini, ngozi ya juu yote pamoja, na kumwacha kupe bila rangi na bila miguu. Ilibaki gundi. Waliipaka samli na kuiacha. Mara tatu Adero aliinuka akitaka kusugua, na mara tatu mama yake alimwambia aketi. Kukaa bure kulimchosha mikono kuliko gunzi.

Hatimaye Achola akasema, "Haya, jaribu. Kwa kidole gumba, si kwa kucha."

Adero alisukuma. Gundi ilijiviringa chini ya kidole chake kama unga wa ugali unaojitoa mikononi, ikatoka, na chini yake rangi ilikuwa nzima. Aliona uso wake mwenyewe mlangoni. Joash aliinama akaona na wake, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. Alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa ameshika pumzi, na Adero alihisi machozi ya furaha yakimlenga.

Ng'ombe wa kijani alifuata, na samli ikaisha. Wakati huo alikuwa akipita Cheptanui, mama aliyeleta maziwa na samli kutoka upande wa Njoro, na Achola akamwita. Cheptanui alikitazama kikombe kitupu. "Juzi tu nimekupatia kimejaa," alisema. "Huyu mtoto anakunywa?"

"Si mtoto, ni gari," Achola akasema.

Cheptanui aligeuka akaliona gari linavyometameta kwa mafuta, akawaona watu wawili waliopakwa samli mpaka viwikoni, akatikisa kichwa. Aliwajazia kikombe na kuondoka bila kuuliza zaidi. Jua lilipoanza kushuka hakukuwa na kibandiko hata kimoja. Adero alikumbuka kwamba mtoto akishapakwa mafuta huoshwa tena ili vumbi lisimgande, basi wakachemsha maji na kuliosha gari lote kwa sabuni mpaka mafuta yakaisha.

Palibaki pale nyuma, pale pa majivu. Ile chembe iliyorushwa na kisu ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na mtu asingeiona. Lakini pale pa kijivu palionekana hata ukisimama mbali. Achola alipoingia ndani kulaza mtoto, Joash alitoa kibati cha rangi ya viatu, rangi nyeusi, akapaka kwa kitambaa na kusugua kwa brashi kama anavyofanya mtu anayekwenda harusini. Jeraha likatoweka.

"Umeona?" alinong'ona. "Nani atajua? Hii ni yetu mimi na wewe. Mama yako usimwambie."

Adero aliona, na alifurahi. Kosa lake lilikuwa limefutika na hakuna aliyelia. Lakini alipolala usiku ule alijiuliza kwa nini jambo zuri liwe la kunong'onwa.

Jumatatu asubuhi Joash alimchukua waende pamoja. "Ulianza hii kazi, utaiona mwisho wake," alisema. Kwenye uwanja wa manispaa walikuta magari machache yamepangwa mstari. Mbele yao alikuwa bwana mmoja aitwaye Waithaka, mwenye gari la bluu na maneno mengi ya mdomoni. Mlangoni mwa gari lake kulikuwa na kibandiko kipya kabisa, picha ya maua.

Mkaguzi alikuwa mzungu mwembamba mwenye soksi ndefu nyeupe. Alizungumza Kiswahili cha kukatakata, lakini kila mtu alimwelewa vizuri mno. Alilizunguka gari la Waithaka, akasimama mbele ya maua, akayagusa kwa kidole. "Hii nini?"

"Ni urembo tu, Bwana," Waithaka akasema.

Mkaguzi aliubandua urembo. Chini yake kulikuwa na tundu la kutu ambalo kidole kingeweza kupita. Hakupiga kelele. Aliandika kitu kwenye karatasi yake na kuonyesha lango, na Waithaka akawasha gari akaondoka bila neno hata moja. Adero alimtupia jicho mjomba wake. Joash alikuwa akitazama mbele, na shingo yake imetoa jasho, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Hapo ndipo upepo ulipokuja. Mwaka ule maji ya Ziwa Nakuru yalikuwa yamepungua sana, na ukingo wake ulibaki tambarare nyeupe ya magadi. Upepo ukivuma kutoka kule, mji mzima ulikohoa. Vumbi jeupe liliingia uwanjani, likawafunika watu macho, likapita. Wenye magari walipangusa vioo vyao. Joash naye alichukua kitambaa akapangusa paa na milango, na vumbi lilitoka bila shida kwa sababu walikuwa wameosha mafuta yote. Lakini alipofika nyuma alisimama. Vumbi lilikuwa limenasa kwenye rangi ya viatu. Pale palipofichwa palikuwa peupe pe, pakionekana kuliko siku ya kwanza, kana kwamba mtu amepiga muhuri wa unga juu ya gari jeusi.

Mkaguzi alikuwa bado anaandika mambo ya Waithaka. Joash alitia mkono mfukoni, na Adero akasikia kibati kikigonga funguo. Palikuwa na nafasi ya kupaka tena, kama angefanya haraka.

"Mjomba," Adero akasema. "Usipake. Nitamwambia ni mimi niliyekwaruza. Tafadhali, Mjomba. Atabandua kama alivyobandua maua."

Joash alimtazama mpwa wake. Kisha mkono wake ulitoka mfukoni umeshika leso badala ya kibati. Aliinama akaanza kufuta, akafuta kwa nguvu mpaka leso yake nyeupe ya Jumapili ikawa nyeusi, na pale pa kijivu pakabaki wazi, mbele ya mtu yeyote mwenye macho. Alipoinua kichwa, soksi ndefu nyeupe zilikuwa zimesimama karibu naye.

"Wewe nafuta nini?" mkaguzi akauliza.

Joash akasimama wima. "Rangi ya viatu, Bwana," alisema. "Hapa palikwaruzwa tulipokuwa tukitoa karatasi. Jumamosi nilipaka nifiche. Sasa nimetoa, uone mwenyewe."

"Ni mimi niliyesugua, Bwana," Adero akaongeza, akitazama ardhi. "Kwa majivu."

Mkaguzi akasogea karibu zaidi. Aliinama, akapapasa jeraha kwa kidole gumba, akachungulia chini ya buti kutafuta kutu. Kisha akaenda kwenye mlango wa abiria na kupitisha kiganja mahali alipokuwa kupe. Akarudia tena. Alikuwa anaukumbuka ule mlango. Adero alijaribu kuomba kimoyomoyo, lakini maneno yote yalimkimbia isipokuwa neno tafadhali.

"Hapa wewe natoa na nini?" mkaguzi akauliza.

"Maji ya moto kidogo na samli, Bwana," Joash akasema.

"Samli?"

"Ya mtoto," Adero akasema, halafu akaona haya.

Pembe ya mdomo wa mkaguzi ilisogea. Alirudi nyuma ya gari, akaligonga lile jeraha kwa kalamu. "Hii hapana kutu. Hii nakwaruza tu. Wewe peleka kwa fundi, yeye napaka rangi kidogo, halafu rudisha mimi naona." Akaandika, akachana karatasi, akampa Joash. "Kama mimi nakuta ile rangi ya viatu, wewe nafuata yule mtu ya maua. Nasikia?"

"Nimesikia, Bwana," Joash akasema. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa leseni.

Walitoka langoni taratibu. Walipopinda kona, Joash alisimamisha gari kando ya barabara, akaweka paji la uso juu ya usukani na kuvuta pumzi ndefu. Adero aliogopa kwamba analia, lakini mjomba wake alipoinua uso alikuwa anacheka, na macho yake yana maji. Adero naye akacheka. Mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu Jumamosi, yalilegea yote kwa mara moja, akahisi njaa kali kama mtu aliyepona homa.

Achola alikuwa akingoja kibarazani, Omolo begani. Ukoko wa mtoto ulikuwa umekwisha kutoka, na kichwa chake kilikuwa safi na laini. "Wamekubali?" aliuliza kabla gari halijasimama.

"Wamekubali," Joash akasema. Akashuka na kumweleza dada yake kila kitu. Hakuruka habari ya kibati cha rangi ya viatu, wala kile alichomwambia Adero asimwambie mama yake. Achola alimsikiliza mpaka mwisho, uso wake ukibadilika mara nyingi.

"Kwa hiyo ulimfundisha mtoto wangu kuficha," alisema.

"Nilimfundisha, na yeye akanifundisha kinyume," Joash akajibu. Akamgeukia mpwa wake, na sauti yake ikawa ya upole. "Adero, nisikilize. Kosa lako lilikuwa nguvu bila kuuliza. Una mikono ya kazi, na hiyo ni baraka, lakini sufuria si gari, na gari si kichwa cha mtoto. Kabla hujashika kitu, uliza kinataka nini, na kama kinataka kungoja, ungoje. Hilo ulilikosea, lakini ulikuja ukaniambia mchana ule ule, hata kabla sijakuuliza vizuri. Mimi mtu mzima niliona jeraha lile lile nikakimbilia kulifunika. Jeraha ulilolionyesha mtu anaweza kukusaidia nalo. Ulilolifunika unabaki nalo peke yako, na unashinda ukiliogopa. Leo asubuhi nimeogopa kuliko siku zote nilizoendesha gari."

"Na samli yangu?" Achola akauliza.

"Utapata samli, dada."

Joash alipata nafasi yake pale stesheni. Fundi alipaka rangi mahali pale, na mkaguzi akaridhika, ingawa mtu akitazama sana jua likiwa upande aliweza kuona weusi wa mahali pale haulingani na mwingine. Abiria walioshuka kwenye garimoshi walilisifu gari lake linavyong'aa kuliko mengine ya stesheni. Mjomba Joash aliwashukuru, akawapokea mizigo, na kabla ya kufungua buti akawaonyesha kwa kidole. "Isipokuwa hapa," aliwaambia. "Hapa palikwaruzwa."